Je, Wajua? Kingamwili Zimepanda, Kinga Iko Wapi?

Je, wajua kwamba ile herufi H inayochapwa mbele ya namba kwenye majibu ya maabara haimaanishi "mgonjwa"? Inasema tu kwamba namba imevuka mpaka ulioandikwa pembeni. Tuseme mama amekabidhiwa majibu ya mwanawe wa miaka saba: jumla ya IgE 1,840 IU/mL, kawaida chini ya 100, H. Mtoto anakohoa usiku na kujikuna kwenye mikunjo ya viwiko. Bibi yake anasema ni minyoo. Shangazi anayekaa mjini anasema ni aleji, na mayai yasimamishwe leo leo. Karatasi ile haijamuunga mkono yeyote kati yao.

Na huo mpaka umetoka wapi? Kwa kawaida mipaka ya vipimo huwekwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya waangukie ndani yake. Waliobaki ni wazima vilevile, ila namba zao zitaandikiwa H au L kila wakipimwa. Tena mipaka mingi huja imechapwa pamoja na vitendanishi kutoka kiwandani, ikiwa imepatikana kwa kupima watu wa nchi za mbali ambao hawajawahi kufuga mnyoo hata mmoja.

Je, wajua kwamba IgE ndiyo iliyo haba kuliko kingamwili zote katika damu? Aina ni tano: IgG, IgA, IgM, IgD na IgE. Lita moja ya seramu ya mtu mzima ina IgG ya gramu 7 hadi 16 hivi. IgE ya 100 IU/mL ni mikrogramu 240 tu kwa lita. Ukichukua IgG ya gramu 10, inaizidi IgE hiyo zaidi ya mara 40,000. Hata H ya 1,840 bado ni chembe ndogo sana.

Wala IgE haikai sana kwenye damu. Nusu yake huondoka ndani ya siku mbili tatu, wakati IgG huchukua kama wiki tatu. Lakini ile iliyokwisha kushikamana na seli za masti, zilizotapakaa chini ya ngozi, kwenye njia za hewa na kwenye utumbo, hudumu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na jumla ya IgE ya kawaida kabisa, akala kamba mmoja, akavimba midomo. Majibu yasiyo na H hayamwondolei mtu mzio.

IU/mL na kU/L ni kitu kimoja, namba haibadiliki. Ila kwa IgG, 10 g/L ni sawasawa na 1,000 mg/dL, kwa hiyo tazama kipimo kwanza kabla hujashtuka kwamba majibu ya maabara ya pili yamepanda mara mia.

Je, wajua kwamba kabla IgE haijapewa jina, daktari mmoja aliidunga kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe? Ilikuwa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Heinz Küstner alikuwa hali samaki aliyepikwa bila kuwashwa na kuvimba. Mwenzake Carl Prausnitz alichukua seramu ya Küstner, akajidunga kidogo kwenye ngozi ya tumbo, na kesho yake akajidunga maji ya samaki mahali palepale. Dakika chache tu pakaumuka na kuwa pekundu. Prausnitz hakuwa na mzio wa samaki, kwa hiyo kilichosababisha uvimbe kilikuwa kimehamia kwake ndani ya seramu. Waliandika habari hiyo mwaka 1921, na kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyejua kilichohama ni nini. Usijaribu nyumbani: seramu huhamisha virusi pia.

Kilipopatikana, kilipatikana mara mbili. Huko Denver, Marekani, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko walikisaka kwenye damu ya watu wenye mzio wa chavua. Huko Uppsala, Sweden, S. G. O. Johansson na Hans Bennich walikikuta kwa mgonjwa wa saratani ya uboho, ambaye seli zake zilikuwa zikifyatua kingamwili isiyofanana na yoyote iliyojulikana. Februari 1968, kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Lausanne, pande zote mbili zilikubaliana kwamba ni kitu kilekile, kikaitwa IgE. Kwa watu wengine IgE ni haba mno kukusanywa. Kwa mgonjwa yule ilikuwa tele, na tele hiyo ndiyo iliyowezesha vipimo vya kwanza kutengenezwa.

Je, wajua kwamba bibi hakukosea kutaja minyoo? Minyoo ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za IgE kupanda duniani, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoenezwa kwa udongo. Minyoo ya mviringo, safura na kichocho vinaweza kuipandisha IgE hadi maelfu bila mtu kupiga chafya hata moja. La ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya IgE hiyo haimlengi mnyoo mwenyewe. Mnyoo huuchokoza mwili uzalishe IgE ya kila namna, nyingi isiyo na shabaha.

Hapo ndipo kipimo cha jumla ya IgE kinapopoteza makali yake kwetu. Katika mji wa Ulaya ya kaskazini, 1,840 inamsukuma daktari moja kwa moja kwenye ukurutu na pumu. Ukerewe au Kilifi inamsukuma kwanza kwenye kikopo cha choo. Watafiti waliopima watoto wa Kabati, kijijini, na wa Thika, mjini, nchini Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2002, walikuta kwamba IgE ya jumla na kingamwili za minyoo zilikuwa juu zaidi kijijini, lakini dalili za pumu zilikuwa nyingi zaidi mjini.

Je, wajua kwamba wakati mwingine IgE iliyopanda ni habari njema? Katika tafiti za kichocho zilizofanyika Gambia na Machakos mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliotibiwa na kukawia kuambukizwa tena ndio waliokuwa na IgE nyingi zaidi dhidi ya minyoo wakubwa wa kichocho. Kazi hii ya IgE ni ya zamani kuliko mzio. Mwili uliitengeneza kwa ajili ya adui asiyemezeka na seli moja, mdudu mrefu mwenye ngozi ngumu.

Kukawia kuambukizwa kama huko kumeonekana Kisumu pia, ambako wapo vijana wanaoosha magari kwa kuyaingiza ziwani hadi maji yafike kwenye ekseli. Wao husimama humo saa nzima nzima, maji yakiwa kwenye mapaja, na konokono wa kichocho wako palepale kwenye magugu. Watafiti waliwafuatilia, wakawa wanawatibu kwa prazikwanteli kila wanapoambukizwa. Wengine waliugua upya haraka kila mara. Wengine, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walianza kujenga ukinzani, kila dozi ikiwapa muda mrefu zaidi bila maambukizi, ingawa maji ni yaleyale na kazi ni ileile. Na kwa wenye VVU, ukinzani huo ulikwenda sambamba na idadi ya seli zao za CD4: seli zikipungua, nao unapungua.

Basi tukifukuza minyoo, mzio utazidi? Swali hili limewatia watafiti kichaa kwa miaka 30. Caracas, Venezuela, watoto waliotibiwa minyoo kwa karibu miaka miwili walishuka IgE ya jumla, lakini ngozi zao zikaanza kuumuka zaidi zikipimwa utitiri wa vumbi. Gabon nako wakakuta jambo linalofanana. Entebbe, Uganda, kina mama wajawazito waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa albendazoli na wengine dawa bandia. Watoto wa waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi. Kisha kwenye visiwa vya Koome, Ziwa Viktoria, vijiji vizima vikapewa dawa za minyoo kwa nguvu zaidi kwa miaka mitatu, na mzio haukuongezeka. Mimi naungana na wanaosema mpe mtoto dawa ya minyoo. Safura inanyonya damu leo. Mzio wa kesho ni uwezekano tu.

Je, wajua kwamba mnyoo anaweza kujifanya pumu? Viluwiluwi vya minyoo ya mviringo hupita kwenye mapafu kabla ya kutua utumboni. Siku hizo mtoto hukohoa, kifua kikalia filimbi, na IgE ikapaa. Baada ya wiki moja mbili kifua kinatulia chenyewe, na aliyekuwa akimpaka mafuta ya mkaratusi anapata sifa zote.

Huyu mwingine si wa kuchekewa. Strongiloidi ni mnyoo mdogo anayeweza kuzaliana ndani ya mtu yuleyule bila kutoka nje, akaishi humo miongo na miongo. Askari wa Uingereza waliofanyishwa kazi na Wajapani kwenye reli ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa naye miaka zaidi ya 30 baadaye. Mtu wa namna hiyo akija na IgE kubwa na kifua kinachobana, akaandikiwa prednisoloni kwa muda mrefu kwa kudhaniwa ana pumu tu, minyoo inaweza kufumuka na kutapakaa mwilini hadi kumuua. Dawa yake ya kuaminika ni ivamektini; albendazoli humkosa mara nyingi. Ndiyo sababu daktari mwangalifu huuliza habari za minyoo kabla ya kuandika steroidi.

Shangazi naye ana lake. Kuna IgE ya jumla, na kuna IgE mahususi: dhidi ya karanga, dhidi ya maziwa, dhidi ya mende. Hii ya pili ndiyo anayoitaka. Mpaka uliozoeleka ni 0.35 kU/L, ingawa mashine za sasa husoma hadi 0.1. Lakini kuvuka 0.35 kunaonyesha tu kwamba mwili umekitambua kitu hicho. Kama mtu anakila na hapati neno, hana mzio nacho, hata karatasi iseme nini.

Je, wajua kwamba nchini Ghana watoto wa shule wapatao 17 kati ya kila 100 walikuwa na IgE ya karanga kwenye damu, lakini kwenye kipimo cha ngozi walioumuka walikuwa wawili tu? Waliendelea kula karanga zao kama kawaida. IgE ile ilikuwa inashika sukari fulani zilizo juu ya protini za mimea, na sukari zinazofanana nazo ziko kwenye minyoo ya kichocho. Damu ilikuwa inasimulia habari za kichocho, mashine ikaandika karanga.

Kamba, kaa, mende na utitiri wa vumbi wana protini moja ya misuli inayofanana sana, tropomiosini. Mtu aliyezoeana na mende wa jikoni tangu utotoni anaweza kupimwa akaonekana "ana mzio wa kamba". Imeonekana hata kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, ambao dini yao inawakataza kamba na hawajapata kumla maishani.

Paka wa Zimbabwe nao wamesingiziwa. Wagonjwa wenye vimelea walionekana na IgE ya paka, kumbe walikuwa wanashika sukari iitwayo alfa-gali iliyomo kwenye paka, ng'ombe, nguruwe na mamalia wengi, lakini si kwa binadamu. Sukari hiyohiyo ina kisa kingine: huko Marekani kusini-mashariki, watu walioumwa na kupe fulani walianza kupatwa na mzio wa nyama nyekundu, tena saa tatu hadi sita baada ya kula, usiku wa manane, hata hawakumbuki walikula nini. Vijijini Eastern Cape, Afrika Kusini, wamepatikana watu wengi wenye mzio huo wa nyama. Wafugaji wetu wanaumwa na kupe kila siku, wengi wana IgE ya alfa-gali pengine, na nyama choma inaliwa. Kwa nini wengine wadhurike na wengine wasidhurike, hapo wataalamu bado wanabishana.

Namba kubwa zaidi, mzio mkali zaidi? La. IgE mahususi ikipanda, uwezekano wa kwamba mzio ni wa kweli unapanda. Ukali ni jambo jingine. Mwenye 2 anaweza kuanguka na kupoteza fahamu, mwenye 60 akatoka vipele vichache mdomoni. Mwaka 2001 zilichapishwa namba za watoto wa Marekani ambazo zikivukwa, uhakika unafika asilimia 95: karanga 14, maziwa 15. Ni namba nzuri, za watoto wale. Mtoto wa Ghana mwenye kichocho anaweza kuzivuka na bado akala karanga.

Je, wajua kwamba vile vifurushi vya kupima "vyakula 90 vinavyokudhuru" mara nyingi havipimi IgE kabisa? Hupima IgG au IgG4, na hizo hupanda kwa sababu rahisi: unakila chakula hicho. Anayekula ugali kila siku atapata alama nyekundu kwenye mahindi. Chama cha wataalamu wa mzio wa Ulaya kilitoa tamko mwaka 2008 kwamba IgG4 ya chakula haithibitishi mzio wala "kutokupatana" na chakula. Bado vipimo hivyo vinauzwa mijini kwa bei ya kutisha, na matokeo yake ni mtoto anayenyimwa maziwa, mayai, samaki na ngano kwa mpigo mmoja. Hasira yangu kubwa iko hapa. Mtoto mwenye ukurutu ataishi nao, ila mtoto mwenye utapiamlo anarudi nyuma kwa kila kitu.

Warina asali wanaochomwa na nyuki mwaka mzima, hao ndio mashahidi wazuri. Wengi wana IgG4 nyingi mno dhidi ya sumu ya nyuki, na wanadungwa wakiendelea kufungua mizinga. Kwao IgG4 iliyopanda ni ngao.

Korosho ina mizio miwili, na damu huonyesha mmoja tu. Kokwa inaweza kuamsha mzio wa IgE, tena mkali. Lakini wabanguaji wanaobabuka vidole kwa mafuta ya ganda, kama vile watoto wanaobabuka midomo kwa utomvu wa embe bichi, wana mzio wa aina nyingine, unaoendeshwa na seli za T na kutokea baada ya siku moja mbili. Pima IgE utakavyo, hutaona kitu.

Sasa tugeukie upande ambao watu wengi hawautarajii.

Je, wajua kwamba kingamwili zikipanda, huenda kinga ndiyo imeshuka? Mwaka 1966 madaktari wa Marekani walieleza habari za wasichana wawili wenye nywele nyekundu, waliotokwa na majipu makubwa tangu utotoni. Majipu yenyewe yalikuwa ya ajabu: yamejaa usaha, lakini hayana joto wala wekundu wala maumivu ya kutosha. Waliyaita majipu baridi, na ugonjwa wakaupa jina la Ayubu, kwa yale majipu yaliyompata kutoka wayo wa mguu hadi utosi. Mwaka 1972 Rebecca Buckley na wenzake wakaona kwamba wagonjwa wa namna hii wana IgE isiyo ya kawaida, mara nyingi zaidi ya 2,000, hata makumi ya maelfu. Chanzo kilifahamika mwaka 2007: jeni iitwayo STAT3 imeharibika, na mwili unashindwa kutengeneza kundi la seli za T zinazoita askari wa kupambana na bakteria na fangasi.

Daktari wa watoto anayeujua ugonjwa huu hamwambii mtoto afungue mkono tu kwa ajili ya sindano. Anamwambia afungue mdomo. Kwa wagonjwa hawa mara nyingi meno ya utoto hayang'oki yenyewe, ya ukubwani yanaota nyuma yake, zinakuwa safu mbili. Atauliza kama mtoto amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo. Atasikiliza mapafu, kwa sababu nimonia za wagonjwa hawa huacha mashimo. Mtoto wetu wa IgE 1,840 asiye na majipu, asiye na nimonia, mwenye meno yaliyong'oka kwa wakati wake, hana ugonjwa wa Ayubu. Ukurutu mkali peke yake unaweza kuifikisha IgE 2,000 na zaidi.

Mvulana mwenye ukurutu, IgE iliyopanda, na anayetoka damu puani au kuvilia kwa urahisi? Hesabu chembe sahani zake. Huenda ni ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, nao hauishi kwa krimu.

Kuna watoto wa kiume wenye IgM ya kawaida au nyingi, na IgG na IgA karibu na sifuri. Seli zao zinajua kutengeneza kingamwili ya kwanza, IgM, lakini hazipokei amri ya kuhamia nyingine. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba kinachokosekana ni protini moja juu ya seli za T, CD40L, ambayo ndiyo hutoa amri hiyo. Ukijumlisha kingamwili zote bila kuzitenga, unaweza kumwona mtoto huyu hana tatizo.

Daktari Ogden Bruton alikuwa na bahati kwamba mgonjwa wake hakuwa na kingamwili kabisa. Mwaka 1952, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, alipitisha seramu ya mvulana wa miaka minane kwenye kipimo cha umeme na kukuta sehemu ya kingamwili ni tupu. Alimdunga kingamwili za watu wengine kila mwezi, na maambukizi yaliyokuwa yakimrudia yakakoma.

Mwenye VVU asiyetibiwa mara nyingi ana IgG nyingi kupita kiasi. Seli zake za B zimechokozwa bila kupumzika, zinatoa kingamwili ovyo, lakini mpe chanjo uone: anaitikia kwa unyonge.

Kalazari, inayosumbua Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, ni mfano mkali zaidi. Zamani, kabla ya vipimo vya ukanda, mtaalamu wa maabara aliweka mililita moja ya seramu kwenye mrija, akadondosha tone la fomalini, akasubiri dakika 20. Seramu ya mgonjwa wa kalazari iliganda na kuwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Ungeweza kupindua mrija isimwagike. Hiyo yote ni IgG. Na mgonjwa bado anakufa, kwa sababu kimelea kimejificha ndani ya seli ambako kingamwili hazifiki. Mara nyingi kinachommaliza ni nimonia au kuhara.

Malale nayo hupandisha IgM kupindukia. Kimelea anayeletwa na mbung'o hubadilisha koti lake la protini kila mara, na kila koti jipya linazaa IgM mpya. Ikionekana IgM kwenye maji ya uti wa mgongo, daktari anajua hatua ya pili imeingia au iko mlangoni. Mlipuko wa Busoga, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu zaidi ya 200,000, na bila shaka kingamwili walikuwa nazo.

Bandama iliyoshuka hadi kupita kitovu kwa mtu wa eneo la malaria, pamoja na IgM kubwa mno: si lazima iwe saratani. Kinga ikiitikia malaria ya mara kwa mara kupita kiasi hufanya hivyo, na dawa za kuzuia malaria zikitumiwa kwa miezi mingi, bandama hurudi mahali pake.

Je, wajua namna ya kujua kama kingamwili zinafanya kazi? Mchanje mtu. Pima kingamwili za pepopunda au za nimokoki, mpe chanjo, pima tena baada ya wiki nne hivi. Anayepanda vizuri ana kinga, hata kama jumla yake imepungua kidogo. Asiyepanda anahitaji mtaalamu, hata kama jumla yake ni nzuri. Mtoto aliyelazwa kwa nimonia mara mbili ndani ya mwaka mmoja anastahili uchunguzi huo kuliko kifurushi cha vyakula 90.

Mtoto mchanga hukopa IgG kwa mama kupitia kondo la nyuma, na mkopo unakwisha polepole. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye VVU hapimwi kwa kingamwili kabla ya miezi 18: zinazoonekana zinaweza kuwa za mama. Huchukuliwa matone ya damu ya kisigino kwenye kadi, na maabara hutafuta virusi vyenyewe. IgE haipiti kondo la nyuma.

Sigara hupandisha IgE ya jumla. Umri nao: inaanza karibu na sifuri kwa mtoto mchanga, inapanda hadi ujana, kisha inashuka.

Dawa za kuzuia mafua na mwasho, kama setirizini, huzima kipimo cha ngozi. Unatonewa matone ya vitu mbalimbali kwenye mkono, unachomwa kidogo kila tone, unasubiri dakika 15 hadi 20, wanapima uvimbe kwa rula. Milimita 3 zaidi ya uvimbe wa tone la maji ya chumvi ni chanya. Ukiwa umemeza setirizini juzi, mkono mzima unabaki bapa. Kipimo cha damu hakiathiriki.

Mwisho, omalizumabu. Ni sindano ya pumu na vipele sugu, iliyoidhinishwa Marekani kwa pumu mwaka 2003, na kazi yake ni kuinasa IgE isishike seli za masti. Je, wajua kwamba baada ya kudungwa, jumla ya IgE kwenye maabara hupanda mara kadhaa? IgE iliyonaswa haifanyi kazi tena, lakini huchelewa kuondoka kwenye damu, na mashine huihesabu pamoja na iliyo hai. Hali hiyo inaweza kudumu hadi mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, na daktari asiyeambiwa anaweza kuisoma H hiyo kuwa ugonjwa umezidi na kuongeza dozi. Ukihamia hospitali nyingine, tarehe ya sindano ya mwisho iwe ya kwanza kutajwa.